Kisumu hadi Nairobi na mtoto anayejifunza kutembea: kazi iko ardhini

Ndege ya kutoka Kisumu kwenda Nairobi hukaa hewani kama dakika 45. Mzazi aliyewahi kumpakata mtoto usiku kucha kwenye basi la kupitia Kericho akisikia hivyo huona amekombolewa. Analipa tiketi, basi, hajipangi tena. Lakini hebu tupige hesabu ya familia inayotoka Kakamega na mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Barabara hadi uwanja wa ndege ni zaidi ya saa moja. Uwanjani mtangoja karibu saa mbili. Hewani dakika 45, mizigo nusu saa, kisha msongamano wa magari Nairobi ambao unaweza kumeza saa nyingine nzima. Hizo ni saa tano au sita, na ndege yenyewe haijatimiza hata moja kati yake. Mtoto akilia kwenye kiti, mara nyingi kilio hicho kilianza kuiva kwenye foleni ya ukaguzi, alipokuwa na njaa, joto na kamba za begi zikimchoma shingoni.

Kwa hiyo mengi yaliyo hapa chini yanahusu ardhini. Hewani kuna jambo moja tu lenye uzito, nalo ni masikio. Tutalifikia.

Saa ya kuondoka

Mchana Kisumu jua hupasha nchi kavu kuliko ziwa, upepo wa ziwani huvuma kuelekea bara, hukutana na upepo wa mashariki kwenye miinuko ya Nandi na Kericho, na mawingu ya radi hujijenga. Ndiyo sababu mvua kubwa za huku hupenda alasiri na jioni. Ndege inayoondoka saa kumi jioni ina nafasi kubwa zaidi ya kutikisika, na ya kuchelewa, kuliko ile ya asubuhi. Mtikisiko mara nyingi hauna hatari kwa aliyefunga mkanda, ila mtoto aliyejaza tumbo maziwa anaweza kutapika.

Wengi wakisikia hivyo hukimbilia ndege ya kwanza kabisa. Hapo sikubaliani nao. Ndege ya alfajiri maana yake ni kumwamsha mtoto saa tisa au saa kumi usiku, na mtoto aliyekatiwa usingizi hana subira ya siku nzima. Kama ratiba inaruhusu, tafuta ndege ya kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Atakuwa ameamka mwenyewe, amekunywa uji, amejisaidia nyumbani, na usingizi wake wa mchana utamkuta ndani ya gari upande wa pili.

Wa Nakuru shida yao ni nyingine. Wengi hushuka kwa barabara hadi Nairobi kupanda ndege huko, na barabara hiyo haina ahadi. Gilgil, Naivasha na mteremko wa Kinungi hufungana, hasa wikendi na siku za sikukuu. Kama ndege ni kabla ya adhuhuri, ni heri kulala Nairobi usiku wa kuamkia safari. Kama mnasafiri siku hiyo hiyo, mpe mtoto kitu kikavu kabla ya gari kuondoka, kipande cha mkate au chapati kavu. Maziwa yasubiri mpaka mfike, kwa sababu tumbo lililojaa maziwa halipendi kona za bondeni.

Tiketi, umri na karatasi

Mtoto ambaye hajatimiza miaka 2 anaruhusiwa kupakatwa, mmoja kwa kila mtu mzima. Kwenye safari za nje nauli yake kwa kawaida ni karibu asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Kwenye safari za ndani ni kiasi kidogo pamoja na kodi. Akishatimiza 2 anahitaji kiti chake. Watu hunaswa na jambo moja hapa: umri huhesabiwa siku ya kila ndege, wala si siku ya kununua tiketi. Kama mnaenda Desemba tarehe 20 na mtoto anatimiza miaka 2 tarehe 28, kurudi Januari ni kwa kiti kamili. Lipia mapema. Ukigundua kwenye kaunta utalipa nauli ya siku hiyo, na nauli za Januari wakati shule zinafunguliwa hazina huruma.

Andika jina kwenye tiketi kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa. Mtoto anaitwa Junior nyumbani, kwenye cheti ana majina matatu ya ukoo, na aliyemnunulia tiketi ni mjomba wake kwa simu. Makosa mengi huanzia hapo. Beba cheti chenyewe na nakala, hata kwa safari ya ndani, kwa kuwa mtoto mwenye umbo kubwa huulizwa umri.

Kwa safari ya nje mtoto huhitaji pasipoti yake mwenyewe. Maombi hufanywa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, wazazi wote wawili wakikubali, na walio magharibi wanaweza kuhudumiwa Kisumu au Eldoret bila kwenda Nairobi. Akisafiri na mzazi mmoja, au na nyanya au shangazi, tengenezeni barua ya idhini iliyosainiwa mbele ya wakili, na muiambatishe nakala ya kitambulisho cha mzazi anayebaki. Si kila nchi huidai, lakini inapodaiwa huwa ni usiku, mbele ya dirisha la uhamiaji, na mzazi aliyebaki amezima simu.

Kadi ya homa ya manjano pia. Chanjo hutolewa kuanzia umri wa miezi 9, na cheti huanza kufanya kazi siku ya 10 baada ya kuchanjwa. Aliyechanjwa wiki ya safari ni kama hajachanjwa.

Begi moja, lililopangwa

Mashirika mengi ya hapa huruhusu begi la mkononi la kilo 7 hivi, na makabati ya juu kwenye ndege ndogo za propela ni finyu. Begi la mgongoni linashinda begi la magurudumu, kwa sababu mikono yako yote miwili tayari ina mwenyewe.

Daipa: hesabu moja kwa kila saa mbili au tatu kutoka mlango wa nyumba hadi mlango wa mwenyeji, kisha ongeza tatu. Kwa safari yetu ya Kakamega ni daipa sita. Chukua zile za kufunga ubavuni, si za kuvuta kama chupi, maana za kuvuta zinakulazimu kumvua suruali na viatu. Usibebe pakiti nzima. Tengeneza vifurushi: daipa moja imekunjwa na vitambaa vinne vyenye unyevu ndani yake. Unapoenda chooni unachomoa kifurushi kimoja, begi linabaki kwenye kiti. Kwa zilizotumika, kumbuka mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, kwa hiyo usitegemee kupata mmoja njiani. Mfuko wa kitambaa kisichopitisha maji wenye zipu ndio unaofaa, na mkifika unafuliwa.

Nguo za kubadilisha: seti mbili za mtoto, na blauzi au shati moja lako. Watu hukumbuka za mtoto. Matapishi ya mtoto aliyepakatwa hayamwangukii yeye. Ongeza soksi na sweta hata kama Kisumu kunachoma. Ndani ya ndege ni baridi, na asubuhi ya Julai Nairobi si mahali pa fulana.

Leso, yaani khanga, mbili. Hiki ndicho kifaa bora kuliko vyote vinavyouzwa kwa jina la mtoto: blanketi, mkeka wa kubadilishia daipa, pazia la kunyonyeshea, taulo, na mbeleko kigari cha mtoto kikichelewa kurudishwa.

Vichezeo vitatu au vinne vidogo, na kimoja kati yake awe hajawahi kukiona. Epuka chochote cha duara au chenye magurudumu, kwani kitabingirika hadi chini ya viti vya watu na utatumia safari yako ukiinama. Selotepu ya karatasi ni kichezeo kizuri ajabu: vipande vinabandikwa kwenye meza, vinabanduliwa, vinabandikwa tena, dakika 15 zimekwisha. Bunduki ya plastiki ya sokoni ibaki nyumbani, wakaguzi wataichukua. Katuni zipakuliwe kwenye simu usiku uliotangulia, na pawabenki ikae kwenye begi la mkononi, kwa kuwa hairuhusiwi kwenye mizigo ya chini.

Uwanjani

Fika saa moja na nusu hadi mbili kabla kwa safari ya ndani, saa tatu kwa ya nje. Kaguzi ni zaidi ya moja. Mtoto aliye kwenye mbeleko atashushwa na leso itafunguliwa, kwa hiyo mfunge kwa namna ambayo unaweza kuifungua kwa mkono mmoja. Kigari hukunjwa na kupitishwa kwenye mashine. Vivyo hivyo kichezeo anachokipenda, na hapo ndipo kelele huanza: kimenyakuliwa mkononi, kimemezwa na shimo jeusi. Kiingize begini mwenyewe mkiwa bado kwenye foleni, kabla afisa hajakiomba.

Kwa safari za nje, vimiminika vya watu wazima haviruhusiwi kuzidi chombo cha mililita 100, ila maziwa, maji na chakula cha mtoto hukubaliwa kwa kiasi kinachofaa safari. Vitoe, viweke kando kwenye trei, sema ni vya mtoto. Unaweza kuombwa kufungua au kuonja. Vikifichwa chini ya nguo, begi zima hupakuliwa.

Baada ya ukaguzi usimweke mtoto kwenye kiti. Mtembeze. Hii ndiyo shughuli muhimu kuliko zote za uwanjani, na wazazi huifanya kinyume kwa kuona haya: wanamlazimisha kutulia saa nzima, kisha wanamlazimisha kutulia tena ndani ya ndege. Kwenye safari ya dakika 45 taa ya mkanda huzimika kwa muda mfupi tu, kama itazimika. Miguu imalize kazi yake chini. Dirishani anaweza kuona ndege, hesabuni magurudumu, nendeni, rudini. Dakika 20 kabla ya kuitwa, badilisha daipa hata kama haijajaa, maana choo cha ndege ndogo ni chembamba kiasi kwamba utaifanya kazi hiyo ukiwa umesimama, mtoto kwenye kifuniko, na goti lako likizuia mlango.

Kupanda mapema ni heshima wanayopewa wenye watoto, na mara nyingi si ya kukubali nzima nzima. Kama mko wazazi wawili, mmoja apande mwanzo na begi ili apate nafasi kwenye kabati. Mwingine abaki na mtoto akitembea mpaka karibu na mwisho. Umeokoa dakika 15 za kukaa. Ukiwa peke yako, kubali nafasi ya mapema, kwa kuwa utahitaji msaada wa begi.

Kwenye ndege ya propela mnatembea kwa miguu kwenye lami na kupanda ngazi nyembamba. Mbebe. Kumshika mkono hakutoshi pale, upepo na kelele humshtua mtoto akachomoka. Kigari unakiacha chini ya ngazi kikiwa na lebo ya shirika. Andika jina na namba yako pia, kwa kuwa vinafanana. Wakati wa kushuka kinaweza kuletwa pale pale ngazini au kikaja na mizigo mingine, na hapo ndipo leso inapolipa.

Kiti

Dash 8 na Embraer 190, ndege mtakazokutana nazo sana kwenye njia hii, zina viti viwili kila upande. Hakuna kiti cha kati, kwa hiyo mzazi na mtoto wa miaka 2 wanamiliki safu yao bila jirani. Mtoto akae dirishani: ujia una gari la vinywaji vya moto na viwiko vya watu. Kwenye Dash 8 kelele ni kubwa usawa wa propela, upande wa mbele. Viti vya nyuma vimetulia zaidi, ingawa vinayumba kidogo zaidi.

Mtoto wa kupakatwa hakai mgongoni wakati wa kuruka na kutua, wala ndani ya mkanda wako mmoja. Ukijifunga naye, ndege ikisimama ghafla uzito wako wote unambana yeye dhidi ya mkanda. Mashirika mengi hutoa mkanda mdogo unaopita kwenye mkanda wa mzazi. Uliza kama hukupewa.

Masikio

Hewa ndani ya ndege haibaki na presha ya ardhini. Ndege ikiwa juu, presha ya ndani huachiwa kushuka hadi kiasi cha mtu aliyesimama kwenye mlima wa kama mita 2,400. Hilo si jambo geni magharibi mwa Kenya: Eldoret iko kwenye mita 2,100 hivi, watoto wanacheza mpira huko kila siku. Kinachouma ni kubadilika, hasa wakati wa kushuka.

Nyuma ya kiwambo cha sikio kuna chumba chenye hewa, kinachounganishwa na koo kwa mrija. Ndege ikipanda, hewa ya ndani hutanuka na kutoka yenyewe. Ikishuka, hewa lazima iingie, na mrija haufunguki ila kwa kumeza, kunyonya au kupiga miayo. Kwa mtoto mdogo mrija huo ni mwembamba na umelala zaidi kuliko wa mtu mzima. Hajui kuziba pua na kupuliza. Anajua kulia, na kwa kweli kilio humsaidia kidogo.

Sasa tazama namba. Uwanja wa Kisumu uko mita 1,150 hivi juu ya bahari, wa Jomo Kenyatta ulioko Nairobi zaidi kidogo ya 1,600, Mombasa karibu sufuri. Hata presha ikifika kile kiwango cha mita 2,400, kushukia Nairobi ni tofauti ya mita 800, Kisumu 1,250, Mombasa 2,400. Kwa hiyo anayetoka Kisumu kwenda likizo ya pwani asishangae mtoto alipolala raha hadi Nairobi kisha akapiga mayowe juu ya Mombasa. Kipande cha pili ndicho cha kujiandalia.

Kushuka huanza kama dakika 20 au 25 kabla ya kutua. Utasikia injini zikipunguza sauti na pua ya ndege ikiinama. Anza hapo hapo, usingoje magurudumu. Titi ni bora. Kama ameacha kunyonya, mpe kikombe cha mrija chenye maji au maziwa, mililita 150, kwa mafunda madogo yanayoenea muda wote. Akizimaliza dakika tatu za kwanza, dakika 17 za mwisho huna silaha. Hii pia ni sababu ya kutompa kila kitu uwanjani. Afike kwenye kushuka akiwa na kiu kidogo. Kama amelala, mwamshe, kwa kuwa aliyelala humeza mara chache. Najua inauma kumwamsha. Ataamka mwenyewe dakika kumi baadaye, kwa maumivu.

Mafua makali huvimbisha mrija huo. Mtoto mwenye mafua na homa, au anayevutavuta sikio, aonwe kliniki kabla ya kusafiri, siku mbili tatu kabla, si asubuhi ya safari.

Kuhusu kikombe cha mrija chenyewe: kikifungwa Kisumu, hewa iliyomo hutanuka ndege ikipanda na kusukuma kinywaji juu ya mrija. Ukifungua, kinaruka usoni. Kikombe kilichojaa nusu hurusha zaidi kuliko kilichojaa, kwa sababu kina hewa zaidi. Legeza kifuniko kidogo kabla ya kuruka na tena mkishafika juu. Pakiti za mala na yogati nazo huvimba; zifungue mbali na shati.

Cha kula, na dawa ya usingizi

Ndizi, chapati iliyokatwa vipande, yai la kuchemsha, viazi vitamu, mandazi. Uji mzito kwenye ndege ni mradi wa kujichafua, aunywe nyumbani. Njugu na bisi zisimkaribie mtoto wa umri huu, kwa kuwa ndege ikitikisika akiwa anatafuna zinaingia njia ya hewa. Pipi ngumu hali kadhalika, ingawa watu huzisifu kwa masikio. Miwa, hata kama mmetokea Muhoroni, iacheni.

Kuna desturi ya kumpa mtoto Piriton, dawa ya mzio, ili alale. Usifanye hivyo. Watoto wengine dawa hiyo huwapandisha badala ya kuwalaza, na unakuwa na mtoto mwenye wazimu ndani ya bomba lililofungwa. Wanaolala nao hulala fofofo kipindi cha kushuka, wasimeze.

Mkiunganisha Nairobi

Kwa wanaoendelea nje, jengo la ndege za ndani na la kimataifa ni majengo tofauti: mnatoka, mnaingia tena, mnakaguliwa tena. Kama tiketi ni mbili tofauti, mizigo mnaichukua na kuisajili upya. Acheni angalau saa tatu au nne. Wanaofika uwanja wa Jomo Kenyatta kwa gari wajue abiria wanaweza kutakiwa kushuka kwenye kituo cha ukaguzi barabarani na kupita kwa miguu, dereva akiwangoja ng'ambo. Mtoto awe na viatu miguuni na leso iwe mkononi, si kwenye buti.

Vile vitanda vidogo vya watoto vinavyofungwa ukutani kwenye ndege kubwa vina kikomo, mara nyingi kilo 10 au 11, na urefu wake humtosha mtoto mchanga tu. Mtoto wa mwaka na nusu mwenye afya ya kawaida hatoshei, usijenge safari juu yake. Kwa ndege ya usiku inayochukua saa nane hewani, kama mfuko unaruhusu, mnunulie kiti hata kabla ya miaka 2.

Homa baada ya kufika

Kanda ya ziwa ina malaria mwaka mzima; Nairobi ni nadra, na nchi nyingi mtakazoenda hazina. Dalili kwa kawaida huchukua wiki moja hadi mwezi baada ya kuumwa na mbu. Mtoto akipata homa ndani ya muda huo, kwa mjomba Nairobi au kwa shangazi Uingereza, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo na mseme wazi ametoka Kisumu, Busia au Siaya, apimwe malaria. Daktari wa ng'ambo asipoambiwa ataanza na mafua. Na watoto wa Nairobi wanaoletwa Desemba kwa nyanya yao walale ndani ya neti kuanzia usiku wa kwanza, hata kama nyanya anasema mbu wa mwaka huu ni wachache.